Hamali, Dalali, Sayari

(Haya ni mazungumzo niliyoyatoa kwenye ukumbi mmoja wa Majengo, Pumwani, mbele ya wanafunzi wa sekondari na wazazi wao. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, nikaacha nje kikohozi na yale maswali ya mpira.)

Wazee wangu, akina mama, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliokaa nyuma karibu na mlango ili mpate kutoroka mapema: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, hamjambo. Itifaki nimeizingatia.

Nilipoombwa nije nizungumzie anga, nilimwambia mwalimu aliyenialika kwamba mimi si mtu wa darubini. Nimefundisha Kiswahili mpaka nikastaafu, na mali niliyobaki nayo ni maneno. Akanijibu, basi mwalimu, tuletee neno. Nimeleta moja tu. Neno lenyewe ni sayari.

Nianze na viboko. Nikiwa darasa la sita, katika shule ambayo sitaitaja kwa sababu wajukuu zangu wamepitia hapohapo, tuliandikishwa orodha ya sayari tuikariri: Zebaki, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Sarateni, tukaendelea hivyo mpaka Kausi. Babu yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa Lamu aliyekuja Nairobi kutafuta kazi akazeekea hapa, na nyota alizijua kwa majina kama anavyowajua majirani. Kwake yeye, ile sayari ndogo isiyobanduka ubavuni mwa jua ilikuwa Utaridi. Siku ya mtihani nami nikaandika Utaridi. Nikapata sufuri na viboko viwili. Niliporudi nyumbani nikamweleza, akaniuliza, "Zebaki? Hii ya kwenye kipimajoto?" Nikasema ndiyo, babu. Alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

Ilinichukua miaka kuelewa kilichomchekesha. Kwa Kiingereza sayari hiyo na ile madini ya majimaji huitwa kwa jina moja, Mercury. Kwa Kiarabu, tulikoyatoa majina yetu, ni vitu viwili mbalimbali kabisa: madini ni zebaki, sayari ni Utaridi. Ni dhahiri kwamba mtu fulani alifungua kamusi ya Kiingereza, akakuta maana mbili, akachukua ya kwanza. Na Sarateni je? Saratani kwa Kiarabu ni kaa, yule mdudu wa pwani, na ndilo jina la buruji moja kati ya zile 12. Kausi ni upinde, nayo ni buruji. Sasa buruji ni sehemu ya anga ambayo sayari hupita ndani yake, ikaingia na kutoka. Kuipa sayari jina la buruji ni sawa na kumwona abiria ameshuka Muthurwa ukaanza kumwita Bwana Muthurwa. Saturn ilikuwa na jina lake zuri tangu zamani, Zohali. Mwandishi wa kitabu, nadhani, alisikia Saturn na Saratani zinafanana mdomoni, basi ikawa imetosha.

Lakini sikuja kulipiza kisasi cha viboko viwili. Nimeyataja hayo ili tukubaliane kwamba jina la kitu cha angani likiguswa ovyo, maana yake hudondoka kama kofia ya babu. Turudi kwenye neno.

Nyote mnamjua hamali. Yule anayebeba magunia Gikomba. Mnamjua bawabu, anayekaa mlangoni. Na dalali mnamjua zaidi, hasa nyinyi mliotafuta nyumba mwezi uliopita. Maneno haya matatu yametoka Kiarabu na yote yamefinyangwa kwa umbo moja. Kiarabu kina umbo ambalo ukilitia kitenzi ndani, linakupa mtu au kitu ambacho tendo hilo ndiyo kazi yake, hulifanya leo na kesho na keshokutwa. Kubeba kukiingia, anatoka hamali. Mlango ukiingia, anatoka bawabu. Kuonyesha njia kukiingia, anatoka dalali. Sasa chukua kitenzi cha kwenda, cha kushika njia, ukitie humohumo. Kinatoka sayyara. Ndiye sayari wetu: mwenye kazi ya kwenda.

Hata tiara, hicho kishada mnachorusha mwezi wa nane upepo ukivuma, ni ndugu yake wa umbo. Yake ni kuruka. Ya sayari ni kwenda.

Mwanzoni halikuwa neno pweke. Wanafalaki wa Kiarabu walisema nyota ziendazo, wakazitofautisha na nyota thabiti. Thabiti hii hii yetu: imara, isiyoyumba. Karibu mwaka 964, Mwajemi Abd al-Rahman al-Sufi aliandika kitabu kizima cha nyota thabiti na maumbo yake. Kadiri watu walivyozoea kusema nyota sayari, nyota sayari, ile nyota ya mbele ikaachwa, sifa ikabaki peke yake ikawa jina. Tunafanya hivyo kila siku. Tulisema simu ya rununu, leo wengine tunasema rununu tu, na kila mtu anaelewa.

Wale waliosoma Sura ya Yusuf wamekwisha kulikuta neno hili, labda bila kulitambua. Yusuf ametupwa kisimani na ndugu zake. Kisha unapita msafara; wanamtuma mchota maji wao, anateremsha ndoo, anamkuta kijana. Huo msafara, katika aya ya 19, umeitwa sayyara. Ni watu wanaotoka mahali wakienda mahali, wana ngamia, wana bidhaa, wanajua kisima kiko wapi. Shikeni picha hiyo, nitairudia.

Na wale wenye jamaa Ghuba wanalijua kwa njia nyingine. Binti wa jirani yangu alirudi juzi baada ya miaka minne ya kazi za nyumbani huko. Tulikuwa steji tukisubiri matatu ya kwenda tao, moja ikapita bila kusimama, akasema, "Sayara imejaa." Mdogo wake, ana miaka kama minane, akatazama juu. Alikuwa anatafuta sayari iliyojaa! Hakukosea. Kwa Kiarabu cha leo gari ndilo sayyara, neno lilelile, kwa sababu gari nalo kazi yake ni kwenda. Isipokuwa la kwangu, hilo kazi yake ni kwa fundi.

Sasa tuvuke bahari twende kwa Wagiriki, maana Kiingereza kimelitoa neno planet kwao. Nao waliona jambo lilelile. Usiku mwingi nyota huchomoza mashariki na kuzama magharibi zikiwa zimepangana vilevile, kama misumari iliyopigiliwa kwenye mlango wa Lamu. Lakini ziko tano zinazoonekana kwa macho ambazo hazikubali kupangwa: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Wiki hii moja iko karibu na nyota fulani, mwezi ujao imeiacha. Mgiriki akaziita planetai, kutokana na kitenzi cha kutangatanga, kupotea njia. Wazururaji, kwa neno moja. Na hapa Majengo hatuna haja ya kamusi kuelezwa uzururaji. Wazee wetu walitusimulia mtu alivyokuwa akikamatwa kwa kosa hilo wakati wa mkoloni, kwa sababu tu amekutwa mtaani bila karatasi. Mgiriki alizikamata nyota tano kwa kosa hilohilo.

Ushahidi uko kwenye Biblia mnayokwenda nayo kanisani. Waraka wa Yuda, mstari wa 13, unawasema walimu wa uongo, unawafananisha na mawimbi yasiyotulia, kisha na nyota zipoteazo. Hilo zipoteazo, katika Kigiriki cha waraka, ni neno lilelile la planetai. Wafasiri wa Kiswahili hawakuandika sayari. Nadhani walifanya vizuri sana, kwa sababu sayari isingebeba lawama ambayo Yuda aliikusudia. Ukimwambia mtu wewe ni sayari, atafikiri umemsifu.

Ndipo ninapotaka kufika jioni hii. Watu wawili wameangalia nukta zilezile za mwanga. Mmoja akasema hizi zimepotea. Mwingine akasema hizi zinasafiri. Sisi Waswahili tulirithi neno la huyu wa pili, neno la msafara wa Yusuf, na kwa maoni yangu ndilo sahihi zaidi, hata kwa vipimo vya sayansi.

Kwingineko waliona mengine. Babeli waliziita kondoo mwitu, yaani wale wasiokubali zizi pamoja na kundi. Wajapani walichagua maandishi yenye maana ya nyota iliyochanganyikiwa. Wahindi walisema graha, mshikaji, na si mshikaji wa kijiweni, nyinyi wa nyuma msicheke, ni yule anayekukamata ukapatwa na mikosi. Wachina wakasema nyota itembeayo, hao tuko nao pamoja.

Samahani. Stima imepotea. Tusubiri? ... Hapana, washeni tochi za simu, mimi sisomi karatasi.

Nilikuwa nasema, kwa nini Mgiriki aliona kupotea? Hakuwa mjinga. Mirihi ukiitazama miezi kadhaa, inasogea mashariki pole pole katikati ya nyota. Halafu siku moja inasita. Inasimama. Inaanza kurudi nyuma, wiki kumi hivi, kisha inasita tena na kuendelea na safari yake ya mwanzo, imechora kitanzi angani. Jambo hili hurudi kila baada ya miezi 26 hivi. Wenye hekima walikesha karne kwa karne wakitunga magurudumu juu ya magurudumu ili kulieleza.

Mimi nililielewa Thika Road. Nilikuwa nimekaa dirishani kwenye matatu, pembeni yetu lori la kokoto linaelekea Thika kama sisi. Lori linakwenda, tena kwa kasi yake yote. Dereva wetu akakanyaga mafuta tukaanza kulipita, na mimi nikiangalia lori na majumba ya mbali nyuma yake, nikaona lori linarudi nyuma kwenye yale majumba. Lilikuwa halirudi hata hatua moja. Sisi ndio tuliokuwa tunalipita. Dunia iko njia ya ndani, hulizunguka jua kwa siku 365 na robo. Mirihi iko njia ya nje, huchukua siku 687. Kila tunapoipita, inaonekana kama inarudi Nairobi. Kwa hiyo Mirihi haikupotea njia hata siku moja. Aliyekuwa anadanganyika ni abiria wa dirishani.

Na wahenga wetu wenyewe, kabla ya vitabu vya falaki, walikuwa wanaangalia nini? Walikuwa wakulima na mabaharia, na mkulima hataki nyota inayohama. Alishika Kilimia, lile kundi dogo la nyota kama vifaranga, jina lake limetoka kwenye kulima. Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kilimia ni thabiti, kila mwaka kinatimiza ahadi yake kwa majira yaleyale. Nani angepanda mahindi kwa kufuata Mirihi? Angevuna wembe. Zuhura ilitajwa, wengine mlisoma jina lake la Ng'andu, kwa sababu hakuna awezaye kuikosa alfajiri au magharibi. Nyingine zilisubiri jahazi zilete majina.

Majina hayo yana utamu wake. Mshtarii ni neno linaloandikwa sawa na mnunuzi kwa Kiarabu, na sisi tunaye mshitiri sokoni. Zohali husimuliwa kwamba ni yule aliyejitenga mbali, na kweli kati ya tano za kale hakuna iliyo mbali kuizidi wala nzito wa miguu kama yeye: mzunguko mmoja karibu miaka 29 na nusu. Babu alisema mtu akiiona Zohali ikirudi mara mbili pale alipoiona akiwa mtoto, aanze kuandika wasia. Uranus na Neptune hazikuwa na jina katika vitabu vya kale, si vya Kiarabu wala vya mtu mwingine yeyote. Herschel aliigundua ya kwanza kwa darubini huko Uingereza mwaka 1781, na ya pili ilionekana Berlin mwaka 1846 baada ya Mfaransa Le Verrier kukokotoa mahali pa kuitafuta. Ndiyo maana kitabu changu cha darasa la sita kililazimika kukopa upinde.

Kuna jambo wanafunzi huwa hawaambiwi. Katika hesabu ya kale sayari zilikuwa saba, na mbili kati yake zilikuwa jua na mwezi. Kwa nini sivyo? Jua linahama kati ya buruji, mwezi unahama, na kazi ya sayari ni kwenda. Wazungu waligawa hata siku za wiki kwa hizo saba. Mfaransa akisema mardi anaitaja Mirihi. Sisi tulihesabu kwa vidole tu: mosi, pili, tatu. Kitu kimoja ambacho hakikuwamo kwenye orodha ni ardhi tunayoikanyaga. Ardhi ilikuwa thabiti kuliko thabiti zote.

Mwaka 1543 kitabu cha mtaalamu wa nyota Copernicus kikatoka, na mambo yakageuka. Jua likawekwa katikati, likavuliwa usayari. Mwezi ukabaki mtumishi wa dunia. Na dunia, hii yenye Majengo na Shauri Moyo, ikaingizwa kwenye orodha ya waendao. Nafikiri hakuna neno lililowahi kubeba mzigo mzito hivyo bila kubadili hata herufi.

Baadaye wanajimu, wale wa darubini nasema, si wa kukusomea nyota, walizidi kuongeza na kupunguza. Ceres ilipoonekana siku ya kwanza ya mwaka 1801 iliitwa sayari, ikakaa na cheo hicho miongo kadhaa kisha ikateremshwa. Pluto iligunduliwa mwaka 1930, na tarehe 24 Agosti 2006, kwenye mkutano wa Umoja wa Kimataifa wa Unajimu mjini Prague, ikapigiwa kura ikawa sayari kibete. Wengi walililia. Masharti yaliyowekwa ni matatu: izunguke jua, iwe na uzito wa kutosha mpaka mvutano wake uifanye mviringo, na iwe imefagia njia yake, isiwe inabanana na vijiwe vya ukubwa wake. Pluto ilianguka hilo la tatu. Mimi huwa natazama sharti la kwanza. Baada ya darubini zote na hoja zote, kitu cha kwanza wanachokuuliza ni kilekile alichouliza mwenye ngamia: unakwenda? Unashika njia gani?

Tangu mwaka 1995, wataalamu Mayor na Queloz walipopata sayari inayozunguka jua jingine linalofanana na letu, zimehesabiwa zaidi ya 5,000. Zimo na nyingine ambazo hazina jua kabisa, zinaelea gizani peke yake. Hao ndio wazururaji hasa, na Mgiriki hakuwahi kuwaona.

Namwona mwenyekiti anatazama saa. Saa yenyewe nimalizie nayo. Dunia inakwenda karibu kilomita 30 kila sekunde. Kwa mwendo huo, kutoka hapa mpaka Mombasa ni sekunde 16, hata makanga hajamaliza kuita abiria. Nimesimama mbele yenu dakika 20 hivi. Tangu ile salamu ya kwanza tumekwisha kwenda kilomita 36,000, sote, pamoja na viti vya kukodi.

Taa za mtaa bado hazijarudi, basi tutoke uani tusipoteze giza. Tazameni upande wa Eastleigh, juu ya ule waya. Ile nyeupe iliyotulia, isiyokonyeza kama wenzake, ni Mshtarii. Chini yake kidogo kuna nyota mbili ndogo. Kila mwanafunzi achore hizo tatu kwenye daftari, aandike tarehe na saa, na mwezi ujao siku kama ya leo achore tena kisha aniletee zote mbili. Atakayekuja na michoro inayofanana nitamnunulia chai na mahamri, lakini kwanza atanieleza alichora ya pili akiwa wapi. Mama, mshike huyo mdogo, kuna shimo hapo mlangoni.